Mfanyakazi Hodari ni Nani? Juhudi na Maarifa Mahali pa Kazi

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Mei wafanyakazi wa nchi yetu huandamana, huimba, husikiliza hotuba, kisha majina ya wafanyakazi hodari husomwa na kila aliyetajwa hupita mbele kupokea hati na bahasha. Kanda hii ya kati imekuwa mwenyeji wa sherehe ya kitaifa mara tatu katika miaka ya karibuni: Dodoma mwaka 2016 na 2022, na Singida mwaka 2025. Katika sherehe zote tatu masikio ya wengi yalikuwa kwenye fungu la mshahara, na hiyo ni haki yao. Mwaka 2016 kodi ya mapato kwa wenye kipato cha chini ilitangazwa kushuka kutoka asilimia 11 hadi 9. Mwaka 2022, wiki mbili baada ya sherehe, kima cha chini katika utumishi wa umma kiliongezwa kwa asilimia 23.3. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kima hicho kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi.

Tumeanza na mshahara kwa makusudi. Yako maandishi mengi ya siku hizi, hasa yanayotoka katika nchi za kibepari, yanayomfundisha mwajiri kwamba neno zuri huongeza uzalishaji. Frederick Herzberg wa Marekani, katika kitabu alichotoa na wenzake mwaka 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu, alieleza kuwa mshahara mbovu na mazingira mabaya humchukiza mtu, lakini kinachomwamsha ni kufanikisha kazi na kutambuliwa kwa kazi hiyo. Katika maelezo haya kuna ukweli. Lakini mwajiri mjanja huyasoma nusu: huichukua sifa kwa sababu ni rahisi, akaiacha haki kwa sababu ni ghali. Sisi tunasema kwamba anayemsifu mfanyakazi huku amemcheleweshea malipo yake anamdhihaki. Hilo likiisha kueleweka, ndipo tunaweza kuzungumza.

Maana liko swali ambalo ongezeko la mshahara peke yake halilijibu. Mfanyakazi hodari ni nani? Nani anamjua? Na akiisha kujulikana, tunafanya naye nini?

Jicho la nani?

Tulirithi kutoka kwa serikali ya kikoloni utaratibu wa taarifa ya siri. Mara moja kwa mwaka mkuu alikaa mezani akaandika maoni yake juu ya aliye chini yake, akafunga bahasha, na bahasha ikaingia jaladani. Aliyeandikwa hakuona alichoandikiwa. Angeweza kukaa miaka kumi katika cheo kimoja bila kujua ni sentensi gani iliyomfunga hapo. Tunapolalamikia umangimeza, tukumbuke kwamba sehemu ya mizizi yake imo ndani ya bahasha hiyo, kwa sababu mtumishi aliyejua kuwa hatima yake iko katika kalamu ya mtu mmoja alijifunza kumpendeza mtu huyo kuliko kuifanya kazi.

Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulijaribu kufungua dirisha. Uliyaagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi ili walio kazini wawe na sauti katika mipango na uendeshaji. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ukakataza dharau na ubabe wa viongozi kwa wale wanaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo vizuri kuliko mameneja wao. Kati ya mwaka 1971 na 1973 ilitokea migomo mingi, na katika viwanda vingine mameneja walifungiwa nje. Kwa sehemu kubwa madai hayakuwa nyongeza ya mshahara. Watu walilalamikia matusi, upendeleo, na kutosikilizwa na wakubwa ambao hawakuijua kazi yenyewe kama wao walivyoijua. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya kutambuliwa, na tunadhani ndiyo iliyo kubwa: mtu asemapo jambo la kazi yake, asikilizwe kama mjuzi wa jambo hilo.

Mabaraza yale yalikuwa ya ushauri tu, na mahali pengi yaligeuka kikao cha kusomewa taarifa. Sheria ya mwaka 2003 juu ya majadiliano katika utumishi wa umma imeyapa mabaraza nafasi mpya, na mwaka 2004 taarifa ya siri ikaondolewa ukaja utaratibu wa wazi wa upimaji uliojulikana kwa kifupi kama OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka, na kutathmini mwishoni. Ulikuwa utaratibu mzuri katika karatasi, ila kila mtumishi anajua kwamba fomu nyingi zilijazwa kwa haraka ilipokaribia zamu ya kupandishwa daraja. Siku hizi mahali pake pamechukuliwa na mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na msimamizi huyathibitisha. Bahasha imefunguliwa, na hatua hiyo tusiidharau. Jicho, hata hivyo, limebaki lile lile la msimamizi mmoja anayemtazama mtumishi mmoja. Kazi inayofanyika baina ya watu, yule anayemwelekeza mgeni, yule anayerekebisha kosa la mwenzake kabla halijafika kwa mwananchi, hiyo haina mstari wake.

Mchimbaji na wategemeza paa

Tuchukue mfano unaojulikana katika historia ya ujenzi wa ujamaa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1935, katika mgodi wa makaa ya mawe huko Donbas, mchimbaji Alexei Stakhanov alichimba tani 102 kwa muda usiofika saa sita. Kiwango cha zamu moja kilikuwa tani 7 tu. Jina lake likaenea Urusi nzima na harakati nzima ya uzalishaji ikaitwa kwa jina hilo.

Tukiitazama rekodi hiyo kwa karibu tunaona jambo lingine. Kwa desturi ya mgodi ule mchimbaji alichimba kidogo, akaacha mashine yake, akasimamisha nguzo za kutegemeza paa lisimwangukie, kisha akarudi kuchimba. Usiku ule Stakhanov alichimba tu. Nyuma yake walikuwako watu wawili wakisimamisha nguzo. Siri ya tani 102 ilikuwa mgawanyo wa kazi, kila mmoja akifanya lile analoliweza zaidi bila kukatizwa. Hayo yalikuwa maarifa makubwa, na yangeweza kufundishwa kila mahali bila kumtaja shujaa yeyote. Lakini sifa alipewa mmoja, na wale wawili walisahauliwa. Halafu katika mwaka 1936 viwango vya kazi vikapandishwa kwa wachimbaji wote, hata wale ambao hawakuwa na mtu wa kuwasimamishia nguzo.

Katika kila ofisi ya Dodoma wako wategemeza paa. Yuko karani wa masijala ambaye bila yeye jalada halionekani. Yuko dereva anayejua ni kijito kipi cha njia ya Mpwapwa kisichovukika baada ya mvua ya saa moja. Wakati wa kumchagua mfanyakazi hodari, idara huwatazama wenye taarifa nzuri za kuandika, au, na hili ndilo baya zaidi, huchagua kwa zamu: mwaka jana uhasibu, mwaka huu utawala, mwakani ugavi. Zamu haimchukizi mtu, ndiyo sababu inapendwa. Lakini hati iliyopatikana kwa zamu kila mtu anaijua thamani yake, hata yule anayeipokea huku akitabasamu.

Funzo la Kongwa

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoeleza masharti ya maendeleo liliweka pamoja maneno mawili, juhudi na maarifa. Sherehe zetu huitunza juhudi. Aliyechelewa kuondoka ofisini, asiyekosa kazini, asiyeugua, hao tunawaona. Maarifa ya mfanyakazi hayaonekani kwa urahisi, na uwanda huu wa kati umewahi kulipa gharama kubwa kwa kutoyaona.

Kongwa iko mashariki ya Dodoma. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa matrekta katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe ulimaliza kazi yake kwa wiki tisa. Ukapendekeza zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947.

Matokeo yanajulikana. Mibuyu na mizizi ya vichaka iliyavunja matrekta yaliyonunuliwa katika mabaki ya vita. Udongo ulikula vyuma vya majembe, na kiangazi kilipoingia ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikashindikana kung'olewa. Mvua haikufuata mpango. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, ukiwa umemeza zaidi ya paundi milioni 35 za Kiingereza, na karanga zilizovunwa hazikufikia hata mbegu zilizonunuliwa.

Watu wengi wamelieleza jambo hili kama kosa la mashine na hali ya hewa. Sisi tunaliona pia kama kosa la uongozi wa kazi. Maelfu ya watu waliajiriwa Kongwa, na miongoni mwao walikuwamo Wagogo waliozaliwa katika ardhi ile. Walikuwa ni watu ambao wazazi wao, na wengine wao wenyewe, walipita katika njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920. Walilima uwele na mtama kwa sababu nafaka hizo huvumilia mvua inayokatika katikati ya msimu, na walifuga ng'ombe kama akiba ya mwaka mbaya. Walijua mbuga ipi hushika maji na ipi huwa mwamba. Hao waliajiriwa kama mikono. Kazi yao ilikuwa kufyeka na kubeba, na maarifa yao hayakuwamo katika mpango wa mradi. Wimbi la mgomo lililoanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam Septemba 1947 likafuata reli mpaka Kongwa, na wakubwa wakashangaa jinsi watu walioajiriwa juzi walivyoweza kugoma kwa umoja kiasi hicho. Walikuwa hawajui hata hilo juu ya wafanyakazi wao.

Msomaji anaweza kusema kwamba yale yalikuwa ya mkoloni. Ni kweli, na mkoloni alikuwa na sababu zake za kumwona Mwafrika kama nguvu bila akili. Swali linalotuhusu ni je, mtaalamu wetu anapofika kijijini Bahi au Manyoni akiwa na mpango uliokamilika, na bwana shamba aliyekaa pale miaka kumi na minane akaambiwa aandae wananchi tu, tofauti iko wapi?

Zawadi inayomwondoa mtu kazini

Tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu lina madhara kila siku, na halizungumzwi vya kutosha. Tunapomtambua mfanyakazi kwa dhati, njia yetu kubwa ya kumlipa ni kumwondoa katika kazi iliyomfanya atambuliwe.

Tuseme yuko mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya wilaya ya Chamwino. Watoto wanakuja kwake wengi wakiwa na Kigogo tu nyumbani, darasa limejaa, vitabu havitoshi, na ifikapo Novemba wanasoma. Hii ni kazi ngumu kuliko kufundisha darasa la saba. Sifa zake zinafika wilayani. Anateuliwa mwalimu mkuu. Akifanya vizuri, anateuliwa mratibu elimu wa kata, anapanda pikipiki, anakusanya takwimu. Tumempongeza. Posho ya madaraka anaipata, kwa kuwa posho hiyo hukifuata kiti cha mwalimu mkuu na cha mratibu, na darasa la kwanza halina posho hiyo. Lakini katika darasa lile sasa yuko kijana aliyefika juzi, naye hana wa kumwonyesha yule mwalimu alifanyaje. Wanaolipa gharama ya pongezi zetu ni watoto wa miaka saba.

Ndivyo ilivyo kwa muuguzi mwenye mkono mwepesi katika wodi ya wazazi anayegeuzwa msimamizi wa ratiba, na kwa fundi wa pampu anayepewa meza. Wengine wao huwa viongozi wazuri, hatukatai. Wengine huwa wakubwa wa wastani, nasi tumepoteza fundi. Wala si haki kumlaumu mtu kwa kukubali cheo, ikiwa cheo ndiyo njia pekee ya kumlipia mtoto wake ada.

Historia yetu ina mfano wa njia nyingine, na umetoka hapa hapa. Hukwe Zawose alizaliwa Doday, mkoani Dodoma, akajifunza zeze, ilimba na uimbaji wa Wagogo kwa wazee. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alimsikia na akamwita Dar es Salaam. Mtu kama huyo angeweza kupewa kazi ya kupamba sherehe za wageni na kurudishwa nyumbani. Alichukuliwa katika kikundi cha taifa cha ngoma, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981. Hakugeuzwa kuwa ofisa utamaduni. Chuo kilimwachia kinanda chake mkononi na kikamkalisha wanafunzi mbele yake. Alipofariki mwaka 2003 muziki wa Wagogo ulikuwa umesikika katika mabara mengi, na ndugu zake na wanafunzi wake waliendelea kuupiga. Kupandishwa kwake kulikuwa ni kuongezewa watu wa kuwafundisha.

Kwa nini mwalimu yule wa darasa la kwanza asifanyiwe hivyo? Abaki darasani, walimu wapya wa tarafa nzima wapelekwe kukaa naye mwezi mmoja mmoja, na malipo yake yapande kwa kazi hiyo. Hili linahitaji kurekebisha miundo ya utumishi, na ni kazi ya wenye mamlaka. Sehemu yake moja, ile ya kuwakalisha wapya karibu na wajuzi, haihitaji waraka kutoka popote.

Maarifa huondoka na mtu

Mji wa Dodoma umeona watumishi wengi wakihama. Mwaka 1973 uliamuliwa kuwa makao makuu, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa kweli, na wizara zikaja na watu wao. Mwezi Mei 2017 Mamlaka ile ikavunjwa baada ya zaidi ya miaka arobaini, na shughuli zake zikahamishiwa Manispaa. Katika uhamisho kama huo majengo huhesabiwa, magari huhesabiwa, ramani hukabidhiwa kwa sahihi. Mpima ardhi anayekumbuka kwa nini alama fulani ya mpaka ilisogezwa haingii katika hati ya makabidhiano.

Tazama pia reli. Kati ya Gulwe na Kilosa njia ya reli ya kati hufuata bonde la mto unaotoka Ugogo. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yalivunja kipande hicho, na treni za abiria zikalazimika kwa muda kuanzia safari Dodoma. Mafundi wa njia, wale wanaotembea na nyundo na spana juu ya mataruma, huyaona makalvati kila wiki. Hujua lipi limeanza kuziba na kingo ipi mto unaila. Mtu wa namna hiyo akistaafu, huagwa kwa soda, wali na saa ya ukutani. Ni vizuri aagwe. Afadhali zaidi kabla ya wali angetembezwa njia nzima na kijana mwenye daftari.

Kazi hiyo ni ya baraza la wafanyakazi na tawi la chama cha wafanyakazi, kwa kuwa msimamizi mmoja hawezi kuijua, na mara nyingine hapendi kuijua. Njia moja ni rahisi. Linachukuliwa daftari la kawaida, kila mtu kazini anapewa ukurasa, na anaulizwa swali moja: ni jambo gani ambalo wenzako huja kukuuliza wewe? Kisha wenzake wanaulizwa kama ni kweli. Majibu yatawashangaza wakuu wa idara. Itaonekana mhudumu wa ofisi anajua lugha tatu za wananchi wanaosubiri nje, na hakuna aliyemtuma kuwapokea. Itaonekana pia, tusifiche, kwamba wako wenye vyeo ambao haendi mtu kuwauliza chochote.

Daftari lisomwe barazani mbele ya meneja au mkurugenzi, kabla ya mwezi Aprili. Baraza lipendekeze nani asogezwe wapi, nani akalishwe na nani, na kazi ipi ina mjuzi mmoja tu aliyekaribia kustaafu. Kamati ya zawadi za Mei Mosi iketi baada ya hapo, ikiwa na daftari mezani, na kama sifa ni ya genge zima la kazi, liitwe genge zima mbele. Walinzi wa usiku nao wasisahauliwe ukurasa. Zamu yao huisha kabla ofisi haijafunguliwa, kwa hiyo mwenye daftari atalazimika kuwafuata saa kumi na mbili asubuhi.